Filamu ya Kikongwe na Paka

Kila mwaka tamasha la kimataifa la filamu linapofika mjini kwetu, mjukuu wangu huniletea kitabu cha ratiba na penseli. Kadi ya wazee inaruhusu filamu tano. Kitabuni zimo sitini na kitu, na kila moja huonyeshwa mara moja tu, kisha hupelekwa mji mwingine.

Mimi sichagui kwa utamu wa hadithi. Kitinda mimba wangu alikwenda ng'ambo miaka tisa iliyopita. Barua yake ya mwisho ilisema amepata vibarua kwenye filamu, awe mmoja wa wale wanaopita nyuma wakati wenye filamu yao wanazungumza. Baada ya hapo, kimya. Kwa hiyo natafuta filamu za nchi ile zenye umati: stesheni, soko, mazishi, vita.

"Bibi, wewe huangalii sinema," mjukuu wangu alinitania mwaka huu. "Unahesabu vichwa."

"Soma, acha maneno."

Akasoma, na mimi nikaweka alama. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili akasita. "Hii nayo ni ya kule. Kikongwe anahama nyumba. Yumo yeye na paka wake tu."

"Sasa mtu nitamtafuta ndani ya paka? Ruka."

Akaruka.

Nikaziona zangu tano. Dada wa mlangoni, yule anayetuongoza na tochi, hunitunzia kiti cha mbele kwa ajili ya macho yangu. Mwaka juzi nilimwonyesha picha ya mwanangu. Aliitazama muda mrefu wala hakunicheka. Safari hii niliona shingo moja kwenye mazishi, nikasema ni yake. Mwenye shingo akageuka. Si yeye.

Siku ya mwisho, asubuhi, nilikwenda kumuaga yule dada. Akaacha ufagio, akaniketisha kwenye benchi.

"Mama, jana nilikutafuta kila kiti."

"Kadi yangu imekwisha, binti."

"Kwenye ile ya kikongwe na paka waliingia wachukuzi wawili kutoa kitanda. Mmoja ana kovu juu ya jicho, kama la kwenye picha yako."

"Makovu ni mengi."

"Kabla ya kuinua alikigonga kitanda kwa kiganja, mara mbili. Hivi." Akaligonga benchi.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na hakuinua kitu cha mbao bila kukigonga mara mbili. Alisema hata mbao zipigiwe hodi. Watoto wote walimwiga, wakakua, wakaacha. Huyu wa mwisho hakuacha.

"Iko wapi hiyo filamu?"

"Imeondoka na gari la alfajiri. Niliwaomba wangoje mpaka uje, wakakataa."

"Ilipigwa lini?"

"Mwaka jana. Iliandikwa mwishoni."

"Amekonda?"

Akauchukua tena ufagio wake. Nadhani alitaka kunidanganya, na ninamshukuru kwa huko kutaka.

"Hapana, mama. Amenenepa. Alikuwa anacheka na mwenzake."

Akanishika mkono mpaka barabarani, akaniacha pale tu nilipomwambia nitafika.

Miaka tisa nimemwombea mfungwa, nimemwombea mgonjwa, nimemwombea mtu aliyeibiwa anwani zetu zote. Mtu mnene anayecheka sikuwahi kumwombea. Dua yake sina.

Mchana mjukuu wangu akaja na kalamu na karatasi. Anataka tuwaandikie wenye filamu, watupe anwani ya yule mchukuzi. Mtoto ana moyo mwema, ameurithi wa babu yake.

"Weka chini," nikamwambia. "Anayetafutwa ni aliyepotea. Mjomba wako hakupotea. Nyumba hii anaijua, hatujahama."

Akaiweka kalamu mezani. Akaenda jikoni kunichemshia maji ya kuoga, ingawa sikumwagiza.