Uzi Uliokwama

...na Dada bado anaongea sikioni mwangu, anasema wamekaa wote sebuleni, yeye, Mama na Baba, wanangoja neno langu tu, tumhesabu Kitinda kuwa amekufa au tuendelee kumtafuta, na mimi nimeibana simu kwa bega, macho kwenye skrini ya maabara, kwenye ule mstari mwekundu ambao tangu asubuhi haujasogea... "Unanisikia?" nakusikia, Dada, ila mstari huu ni atomu zangu, zimepoa kuliko baridi yoyote unayoijua, tumezipanga kwenye uzi wa mwanga mwembamba hivi kwamba moja haiwezi kuipita nyingine, na zikipoa hivyo zinaacha kuwa punje, zinakuwa kimiminika kimoja kinachoteleza bila kukwaruza popote, halafu mimi mwenyewe nikakimwagia vurugu, madoa ya mwanga yaliyotapakaa ovyo kama mawe mtoni, kikakwama, hilo tulilitegemea, lakini leo... "Baba kainamisha kichwa," anasema Dada... lakini leo tumewasha nguvu za mbali, kila atomu ikawa kama sumaku ndogo, ya mwanzo wa uzi inaihisi ya mwisho, na mimi nilimwambia Profesa kwamba zikihisiana hivyo hakuna jiwe litakalozizuia, Profesa akacheka kwa pua, akasema haya, tutaona, aliyenielewa ni Kitinda peke yake, mdogo wetu ambaye hata hesabu za dukani zilimpiga chenga, kabla hajapotea, yuko jikoni anamenya viazi, anatoa maganda manene mpaka Mama analalamika, akasema kumbe ni kama Mama, yuko chumbani kwake lakini anajua nani kafungua friji... na asubuhi aliyoondoka shati lake halikupigwa pasi, akasema narudi sasa hivi, hivyo tu, kama mtu anayekwenda kununua vocha, tukazunguka hospitali, vituo vya polisi, Dada ndiye aliyeingia vyumba vya maiti, akivuta shuka moja moja, mimi kwenye benchi la nje nikisema hayumo, angekuwa amekufa ningehisi, nikasema na nyumbani, ningehisi, Mama, na wakaniamini, mtoto aliyesoma kasema, basi Mama akaacha kufunga mlango wa mbele, Baba akawarudisha wale waliotaka kununua nyumba, eti Kitinda atarudi akute wageni, Dada akakataa uhamisho kazini na mchumba wake akachoka kuuliza lini... "Zimeganda," anasema fundi wa leza nyuma yangu, taratibu, kama daktari, "tena kuliko pale mwanzo," na najua, naona, kwa kuwa zinasukumana kwa mbali kila moja imejibana mahali pake, jiwe likiikamata moja imekamatwa hata ya kule ambako hakuna jiwe lolote, Profesa hatacheka hata, atasema andika... "Mimi nimechoka, mdogo wangu," na sauti ya Dada haina hasira, heri ingekuwa nayo, na nyuma yake nasikia kikombe kikiwekwa mezani, ni Baba, anakiweka hivyo, anakizungusha kwanza, naijua ile sauti kwa sababu simu inanifikisha pale, waya na mitambo, si damu, na Kitinda hana simu inayoita, nimekaa kimya usiku na mchana nikimsikiliza na sijawahi kusikia kitu, hata mara moja, siku ile alipotoka nilikula vizuri, nikabishana na fundi kuhusu kioo kilichopinda, nikalala, labda saa ile ile yeye alikuwa chini mahali, anaita, na mimi nimelala fofofo, kati yangu na yeye hapakuwa na nguvu yoyote, palikuwa na mimi kutaka tu, na kutaka kwangu ndiko kulikowashika watu watatu kwenye viti vyao mpaka leo... "Nizime?" anauliza fundi, "Upo?" anauliza Dada, mstari uko pale pale, mwekundu, na mimi nainua mkono kumwambia fundi angoje, nafungua mdomo, na neno ninaloliona linakuja si ningehisi, ni lile jingine, dogo, amekufa, ambalo Dada amelibeba peke yake tangu vile vyumba vya baridi, nipo, Dada, mwambie Mama asogee karibu na simu.