Mgeni wa Mara Mbili kwa Mwaka

Aibu hii ilianzia kwenye bakuli la supu. Ilikuwa Sikukuu ya Roho Mtakatifu, ukumbi wa parokia umejaa, sisi watu wa visiwa vya Azori tulioko Fall River, Marekani, tumebanana kwenye meza ndefu, mkate umelowa mchuzi, nami nikauma kipande cha nyama. Jino langu la mbele, lile la bandia la kuvaa na kuvua, likachomoka na kuzama. Jirani yangu Natércia, mjane mwenzangu, aliliona kabla yangu.

"Idalina," akasema, "supu yako imeota jino."

Meza nzima ilicheka. Nilicheka nao, mkono mdomoni, na mkono huo sikuuondoa tena mwaka mzima. Sikukuu iliyofuata nilisema naumwa mgongo, nikabaki nyumbani nikisikia bendi ikipita barabarani.

Jino lile alilitengeneza Daktari Gualter Pimentel, ambaye amenitibu meno miaka thelathini na mmoja, kwenye kliniki yake ya vyumba viwili, Mtaa wa Columbia. Kwa kuwa ni kazi ya mikono yake, habari ya supu sikumwambia. Nilisema tu limenichosha. Mimi na yeye tuna mchezo wetu: akishanitia ganzi na kunijaza pamba, ndipo hunitegea kitendawili, ili nikae nacho bila kuweza kujibu mpaka amalize kazi. Mimi shule niliiachia darasa la nne nikaenda kukamua ng'ombe wa baba, lakini kwa vitendawili bado hajanipata.

Sasa, wagonjwa walikuwa wanamkimbia. Ng'ambo ya barabara palifunguliwa kliniki kubwa ya vioo, wanakopandikiza meno. Skrubu inazamishwa kwenye mfupa wa taya, na jino linakaa juu yake kama limezaliwa hapo. Daktari Pimentel kazi hiyo hakuijua. Basi akiwa na miaka sitini na mitatu akajiandikisha kwenye kozi ya madaktari wa meno kule Providence, Jumamosi nane mfululizo. Jumamosi ya mwisho kila daktari huleta mgonjwa wake na kumpandikiza jino mbele ya wenzake. Asiyefanya hivyo hapati cheti. Alikuja kuniomba niwe mgonjwa wake, na aliomba huku akitazama viatu vyake.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Jino lisilotoka. Ningekula supu mbele ya Natércia na kumcheka mimi.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe tulijaza fomu ya afya. Yaani, alijaza yeye. Alitoa fomu yangu ya zamani kwenye faili, akaiweka kando ya mpya, akawa anaweka alama huku akinisimulia visa vya mbwa wake. Presha, hapana. Sukari, hapana. Dawa au sindano za mifupa, hapana.

Hapo nilikiona kidole chake, na neno nikalisoma. Miaka minne sasa, kila baada ya miezi sita, nesi hunichoma sindano mkononi kwa sababu mifupa yangu imekuwa myepesi kama biskuti. Nikafungua mdomo. Kisha nikaiona meza ile ndefu, nikaufunga. Nilijiambia, kwani ameniuliza? Angeuliza ningesema. Na mbwa wake nikamcheka mpaka mwisho wa kisa.

Jumamosi hiyo aliniendesha mwenyewe. Tangu tuvuke daraja hadi tunaegesha Providence hakunitegea kitu. Alikuwa akinong'ona hatua za kazi moja moja, kama mtoto anayekwenda kupokea komunyo ya kwanza.

Waliniketisha kwenye kiti cha meno katika chumba chenye ukuta wa kioo. Nyuma ya kioo walikaa madaktari wanane, wengi wao umri wa watoto wangu wa mwisho. Mwalimu wao, Daktari Keough, ni mwanamke wa kama miaka arobaini, sauti ya upole na macho yasiyopepesa. Kabla ya kuanza aliwaambia watazame picha moja, na sauti yake ikatufikia ndani kwa spika.

Nami niliitazama. Ilikuwa ya kinywa cha mwanamke mzee. Ufizi ulikuwa umefunguka na mfupa ulionekana nje, wa manjano, kama kipande cha sabuni. Akaeleza kwamba mama huyu alikuwa akichomwa sindano ya mifupa na daktari wake wa meno hakujua. Taya lilitobolewa, halikupona, mfupa ukafa. Akasema balaa hilo huwapata wachache sana, na wengi hupona vizuri, lakini mtu wa namna hiyo lazima kwanza uzungumze na daktari anayemchoma. Kwenye kozi hii, akasema, hatumgusi kabisa.

Joto lilinipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Daktari Pimentel alikuwa amenipa mgongo, akivuta dawa ya ganzi kwenye bomba la sindano. Ningeanzaje kusema? Maneno ya kawaida yalikataa kabisa kutoka.

"Daktari," nikasema, "nina kitendawili."

"Anayetega ni mimi, Bi Idalina. Tulia."

"Hiki hakingoji. Mgeni wangu huja mara mbili kwa mwaka. Hali, hanywi, hakai kitini. Akiondoka, mkono unauma na mifupa inashukuru."

Alitabasamu, kwa mazoea. Kisha tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yameshaondoka.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Na hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza," nikasema, na nilijuta kabla sijafika mwisho. Mtu aliyeona alama inawekwa na akanyamaza hana haki ya kusema hivyo.

Kipaza sauti kilichobanwa kifuani kwake kilikuwa bado hakijawashwa. Wale wa nyuma ya kioo waliona midomo tu. Jambo lilikuwa bado letu wawili.

"Waambie nimeogopa," nikamnong'oneza. "Kikongwe kaogopa sindano, nani atakulaumu? Ikibidi nitalia."

"Ungelia vizuri sana, najua." Akaweka sindano chini kwenye sinia, taratibu. Akakiwasha kipaza sauti.

Aliwaambia kwamba fomu ya mgonjwa wake ilikuwa na kosa. Kwamba mgonjwa anachomwa sindano ya mifupa, na yeye aliandika hapana kwa kunakili fomu ya zamani. Hakutaja kwamba nilikuwapo nikitazama. Kijana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa alimwinamia jirani yake, wakacheka. Sikusikia alichosema. Niliona tu masikio ya daktari wangu yakiwa mekundu kwa nyuma, kama ya mvulana aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Saini ni ya nani?" akauliza Daktari Keough.

"Yangu."

"Basi leo hutapandikiza. Utarudi Septemba, uanze upya."

"Ndiyo, mwalimu."

Miaka sitini na mitatu, na anasema ndiyo, mwalimu. Hilo sikulistahimili. Nikashuka kitini na kitambaa bado kifuani, nikamsogelea, nikainamia kile kipaza sauti chake.

"Na mimi nilimwona akiweka alama," nikasema. "Nikanyamaza. Nilitaka jino."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Tulitoka hadi ukumbini, tukakaa kwenye viti vya plastiki. Nilitegemea twende nyumbani. Badala yake alirudi kaunta, akaleta fomu mpya, tupu, na kalamu. Akaiweka kwenye goti lake.

"Jina lako kamili?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alingoja.

"Idalina da Conceição Medeiros."

"Umezaliwa lini?"

Akaniuliza yote, kurasa mbili, na kila swali alinitazama usoni kabla ya kuandika. Iligundulika kwamba nakunywa divai glasi mbili kwa siku, sio moja kwa wiki. Iligundulika kwamba niliwahi kuzimia kanisani. Akasema jino la kugandishwa kwenye meno ya pembeni yake, bila kutoboa mfupa, huenda likanifaa, lakini kwanza atampigia simu daktari wangu wa sindano. Nikasema sawa.

Swali la mwisho lilikuwa: kuna jambo jingine lolote ambalo hatukuuliza?

Niliuondoa mkono mdomoni.

"Lipo," nikasema. "Lile jino ulilonitengenezea lilianguka kwenye supu. Mbele ya watu wote."

Akainama, akaandika, na nikasoma: supu.