Picha Zilizotangulia

Tangu wamzike mama yao, tableti ya Brigita ilikataa kupokea picha za msiba, ingawa simu za ndugu wote zilizipeleka zenyewe kwenye akaunti yao moja ya mtandaoni. Leo, nyumbani kwake Msamala, aligundua tableti imejaa. Akafuta video za kwaya, picha zikaanza kushuka.

Akafungua ya kwanza. Kaka yake Anord, aliyedai siku ya maziko gari lilimharibikia njiani huko Nakapanya asifike, yuko baa, midomo inang'aa mafuta ya kitimoto. Tarehe ile ile, saa ile ile waliyokuwa wakitupia udongo kaburini.

Simu ikaita. Ni Anord. Kwa mara ya kwanza maishani, Brigita hakumpa shikamoo.

“Picha za mama zimefika?”

“Bado. Zako ndizo zimetangulia.”