Ngazi ya Koko Kabibi

"Kila kipandio kiwe droo," Madamu alisema, akamsogezea Akilimali simu mpaka karibu na pua. "Umeona? Vitu vya mtoto vinaingia humu humu ndani ya ngazi. Chumba kinabaki safi."

Akilimali aliona. Picha ilionyesha kitanda kilichoinuliwa karibu na dari, meza ya kusomea chini yake, na pembeni ngazi pana ambayo kila kipandio kilikuwa na mshikio wa kuvutia. Kazi nzuri, hakuna ubishi. Shida ni kwamba ngazi ya Madamu ilikuwa imeshakwisha. Ilisimama nyuma yake mle chumbani, imepigwa msasa mpaka inateleza mkononi, haina droo hata moja, kwa sababu siku ya kuagiza Madamu hakutaja droo. Alisema ngazi.

"Na hii, Madamu?"

"Hiyo itoeni. Mkaichome huko, mtajua wenyewe."

Fundi mwingine angekasirika. Akilimali moyo ulimruka kwa furaha, akainama kuokota penseli ambayo haikuwa imeanguka, ili uso wake usionekane.

"Naomba niichukue mimi."

Madamu alimkagua. Alikuwa mama mwenye haraka, si mbaya, ila mafundi wa Lilongwe walikuwa wameshamfunza. "Utaichukua ukimaliza ile ya droo. Siyo kabla. Nyinyi mkishapata mnachotaka hamrudi."

"Zikomo, Madamu," Akilimali akashukuru, na akarudi kwenye mbao.

Sasa, mtu mzima na akili zake atataka ngazi iliyokataliwa ya nini? Sharti uijue nyumba yake kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Ni chumba kimoja cha matofali mabichi, na pazia katikati. Upande huu alilala yeye na mkewe, upande ule mama yake, bibi ambaye wote walimwita Koko Kabibi, pamoja na mjukuu wake Arlène, mtoto pekee waliyefika naye Malawi. Mambo yalikwenda hivyo mpaka Arlène alipovunja ungo. Hapo Koko akasema basi. Kwao Fizi, huko Kongo, msichana mkubwa halali chumba kimoja na baba yake, na pazia si ukuta. Tangu siku hiyo, kila jioni Arlène alichukua shuka lake na kwenda kulala kwa Elodie, mjane wa kanisani kwao, mistari michache ya nyumba kutoka pale.

Baba hakumweleza binti sababu. Baba hamwambii binti mambo hayo. Arlène alichojua ni kwamba jua likizama, kwao hawamtaki.

Akilimali ni fundi, naye alifikiria kama fundi. Alisimamisha nguzo nne za mti wa bulugamu ndani ya chumba, kwa kuwa tofali bichi halishiki msumari, akatandika mbao juu yake, akazungushia kizuizi. Chumba juu ya chumba! Mkewe akapiga vigelegele. Lakini Koko alikaa chini akiangalia juu, akatikisa kichwa.

"Arlène alale juu ya kichwa ya baba yake? Hapana. Mambo gani hiyo?"

"Basi tulale sisi huko juu, mama."

"We mwana yangu, ulale juu ya kichwa yangu mi nilikuzaa?"

Walibishana wiki nzima, na ni Koko mwenyewe aliyepata njia. "Mi njo mukubwa humu. Mi nikilala juu, ile itakuwa nyumba yangu. Na mutoto akilala kwa koko yake, iko kwa koko yake. Haiko juu ya baba." Wote wakacheka, hata Arlène, ambaye siku hizo kicheko chake kilikuwa haba.

Wakaleta ngazi ya kuegemeza. Koko alipanda kipandio kimoja, cha pili, goti likakataa. Alining'inia pale ameshika nguzo, akimwita Yesu, mpaka mwanawe alipomteremsha mgongoni. Koko alihitaji ngazi ya vipandio vipana, yenye pa kushika. Na ngazi ya namna hiyo hula mbao kuliko kitanda chenyewe. Akilimali hakuwa na mbao. Ndiyo maana alikuwa Lilongwe, ambako mkimbizi hatakiwi kuonekana, akilala juu ya maranda katika karakana moja ya Kawale na kumjengea mtoto wa watu kitanda cha kuchezea.

Mkewe alipiga simu wakati Akilimali anapima droo ya kwanza.

"Papa Arlène, unarudia lini?"

"Nikimaliza. Nimepata eskalie, mama! Ngazi muzima, muzuri. Koko atapanda sawa anaenda kanisani."

Mkewe hakufurahi. Akasema, "Fanya mbio. Ndugu ya Elodie, yule Cyrille, ametoka Mponela. Analala mule mule."

"Mule mwenye Arlène analala?"

"Njo vile."

"Elodie anasema nini?"

"Anasema ni mutu wa maombi."

"Na Arlène?"

"Arlène hasemi. Asubuhi anarudi, anachota mayi, anakaa. Hasemi kitu."

Akilimali alisimama na futi mkononi. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, jepesi kabisa: alale nyumbani, mi siko. Yeye alikuwa Lilongwe. Chumba hakikuwa na baba ndani yake. Ni nani angeaibika?

Kama aliyemsikia, mkewe akasema polepole, "Nilimwambia koko, Papa Arlène haiko, mutoto alale hapa. Koko amesema kitanda ya baba iko. Kitanda ya baba ni baba."

Hata Akilimali alifundishwa hivyo tangu utotoni. Alikumbuka dada zake kule Fizi wakizunguka nje ya nyumba wasipite karibu na kitanda cha baba yao, ambaye alikuwa ziwani. Alijua ni jambo la kusema neno moja tu, naye akiwa mtoto wa kiume na mwenye nyumba, Koko angenung'unika na kukubali. Lakini kumvunja mama yake kwa simu, tena kupitia kinywa cha mke? Na ngazi si ilikuwa imebaki kidogo tu?

"Muvumilie," akasema. "Namaliza sasa hivi."

Droo hazikwisha sasa hivi, wala mwezi ule, wala uliofuata. Madamu alitaka zisipige kelele zikivutwa. Halafu akataka rangi nyeupe, halafu nyeupe ile ikawa nyeupe mno. Akilimali alifanya yote, usingizi haba, vidole vimejaa gundi, na kila alipoiangalia ile ngazi yake iliyoegemezwa ukutani alijipa moyo. Mtoto wa Madamu alipopandishwa kitandani siku ya mwisho alilia, akataka kushuka. Alisema ataendelea kulala na mama yake. Madamu akacheka, akampiga picha kwenye kipandio cha kwanza.

Ngazi ilisafiri juu ya lori la vitunguu kutoka Old Town. Kwenye njia panda ya kambi, mwenye kabaza alipoiona alitaka kukimbia na baiskeli yake, ila walielewana. Waliifunga mkiani, Akilimali akawa anasukuma nyuma, na watu wa njiani wakamtania: "Fundi, unapanda mbinguni?" Naye akacheka, akawajibu kwamba leo ni leo. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka mwaka huo.

Arlène alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Jua lilikuwa kali, naye amevaa koti kubwa la mama yake, amelifunga mpaka shingoni. Alisema, "Karibu, papa," bila kuinua macho. Akilimali akamtazama mkewe. Mkewe akatazama pembeni.

Alimfuata mkewe nyuma ya nyumba.

"Cyrille iko wapi?"

"Amerudia Mponela."

"Tangu lini?"

"Tangu alijua Arlène iko na mimba."

Akilimali alishika ukuta. Tofali bichi likamomonyoka kiganjani mwake, akasimama akilisagasaga vumbi lile, mkewe akilia kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, ingawa majirani walikuwa wameshasikia siku nyingi. Aliwaza neno lile jepesi, alale nyumbani, mi siko. Alitaka kumpiga mtu, na mtu aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

Halafu akaenda kufunga ngazi, maana hakujua kitu kingine cha kufanya. Ilikuwa ndefu mno kwa nyumba ile. Imepimiwa dari ya matajiri. Akaikata chini, vipande vyenye vipandio vipana vikaanguka sakafuni. Alipigilia iliyobaki kwenye nguzo, akaitingisha, haikucheza.

Koko Kabibi alikuja ameshika fimbo. Alikuwa amekonda. Hakumtazama mwanawe, wala yeye hakumtazama. Aliiacha fimbo chini, akashika pa kushika, akapanda. Kipandio kwa kipandio, goti halikukataa. Alipofika juu alikaa, kichwa karibu na bati.

"Arlène," akaita. Sauti yake haikuwa ile ya kutoa amri. "Mukaza yangu, mujukuu yangu, kuja. Kuja ulale."

Jua lilikuwa bado halijazama. Arlène aliinuka pale mlangoni, shuka lake mkononi kama kila jioni, akaingia. Akasimama mbele ya ngazi mpya.

"Ilikuwa inangoja hii tu, papa?" akauliza.

"Njo hii, mama yangu," Akilimali akasema, na akageukia ukuta asimwone akipanda. Alimsikia tu. Alipanda taratibu, akipumzika katikati, mkono mmoja kwenye pa kushika.

Mkewe aliwasha jiko nje. Kuni zilikuwa haba, akaingia kuchukua vile vipande vilivyokatwa, mbao nzuri laini, zinazoshika moto haraka.

"Acha izo," Koko akasema kutoka juu.

"Ni za kutupa, mama."

"Acha. Akilimali azipige randa tena, azifunge kitanda moja fupi, yenye kizuizi. Mutoto mudogo hawezi kulala huku juu. Ataanguka."

Mkewe alivirudisha chini kimoja kimoja. Akilimali alitafuta randa mfukoni mwa zana, akachuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ubao kuona kama una vibanzi.