Maswali Aliyoyaacha Wazi Maren

Kaka yangu Verlyn ana ugonjwa mmoja: alichojifunza ujanani hakibadiliki mpaka kiyama. Mwezi wa Mei binti yake Maren alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa hisabati, ule wa kiwango cha chuo unaofanywa mtu akiwa bado sekondari. Verlyn akamkalisha jikoni, akamhubiria.

"Swali usilolijua liache wazi. Ukikosea wanakukata alama. Mimi nimeufanya huo mtihani, usinibishie."

Nani ambishie? Mimi shangazi mtu nauza mbegu za mahindi, hesabu za chuo nazijulia wapi?

Maren alihitaji nne. Wanatoa moja mpaka tano, na chuo alichokitaka kwa kozi ya kuunda ndege kilisema waziwazi: ukija na nne, hisabati ya mwaka wa kwanza umeshamaliza, ingia. Ukija na tatu, nafasi yako anapewa mwingine. Na mtoto huyu hakuwa na ndoto nyingine, jamani.

Julai matokeo yakatoka. Tatu.

"Si umefaulu?" nikauliza, bakuli la saladi ya viazi mkononi.

"Kwa chuo kingine, shangazi."

Verlyn akapanda mori. Akampigia mwalimu, Bi Tollefson, akaweka spika ili sote tusikie mwanawe alivyoonewa. Mwalimu wa watu hakukasirika, akaeleza polepole. Maswali ya kuchagua ni nusu ya alama, ya kuandika nusu. Zinajumlishwa, halafu ile jumla ndiyo inageuzwa kuwa moja mpaka tano. Aliyeangukia tatu na aliyepata nne wanaweza kupishana maswali machache tu.

"Maren, ya kuchagua yalikuwaje?" mwalimu akauliza.

"Niliacha kama tisa hivi."

"Uliacha? Mwanangu, kosa halikatwi! Ungebahatisha tu. Hiyo ya kukata waliifuta wewe hujaanza hata shule."

Nikaweka bakuli chini. Verlyn uso ulimshuka.

"Basi atarudia," akasema.

"Mtihani ni Mei ijayo, Verlyn," mwalimu akamjibu. "Chuo kinafunga orodha Ijumaa hii."

"Sasa si wangewaambia watoto!" Kaka yangu akafoka, na mie nikamchoka kabisa. "Watoto watajuaje?"

"Wanaambiwa. Msimamizi anawasomea kwa sauti kabla hawajaanza."

Verlyn akamgeukia Maren. "Hakuwasomea, eti?"

Maren alikuwa anaangalia meza.

"Alisoma, baba. Nilimsikia vizuri tu. Nikasema moyoni, huyu hajui, baba yangu ndiye anajua."

Bi Tollefson akaaga, simu ikakatika. Nilikuwa na maneno ya kumwambia kaka yangu, makali kweli, nimeyapanga tangu nilipoweka bakuli chini. Sikuyasema. Alikuwa amejishika kichwa analia, na Maren ndiye aliyekuwa anambembeleza.