Bega la Lineko

Anayesikia la mkuu ndiye anayevunjika guu. Lineko alijiambia hivyo siku Mama Mathabiso, kiongozi wa wacheza mokhibo, ngoma ya wanawake wa Lesotho, alipopiga marufuku chanjo ya mafua mwezi mmoja kabla ya mashindano.

"Mokhibo huchezwa kwa magoti na mabega," alisema Mama Mathabiso, akiyatikisa ya kwake. "Nani atatikisa bega lililotobolewa? Isitoshe, sindano yenyewe ndiyo inaleta mafua. Mwaka jana nilichomwa mchana, keshokutwa yake nikawa kitandani napiga chafya kama mbuzi aliyelishwa pilipili!"

Wanawake wakacheka. Lineko hakucheka. Alikuwa amesota miaka sita safu ya nyuma, na mwaka huu ndio kwanza amepewa ya mbele. Mafua yakimlaza, ameikosa tena.

"Mama, siku ile ya sindano, jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa yule mzee, Ntate Lekhooa, nakunywa pombe. Ni dhambi?"

"Mkipokezana kopo moja?"

"We mtoto! Kwetu pombe hunywewa kwa makopo mangapi?"

"Na Ntate Lekhooa alikuwa anakohoa."

"Alikohoa kwa adabu."

Kesho yake Lineko akaenda zahanati kimyakimya.

"Humu hamna kirusi hai cha kukupa mafua," muuguzi alimwambia, akimfuta bega kwa pamba. "Lakini mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Ukinywa kopo la mgonjwa leo, usinisingizie. Tena sikuahidi ukuta wa chuma: unaweza kuugua, ila makali hupungua. Bega litauma siku mbili."

Likauma kweli. Mazoezini likawa linachelewa ngoma, na Mama Mathabiso ana jicho la mwewe.

"Umechomwa wewe! Rudi nyuma! Na mbele hutapaona mpaka uniombe radhi hadharani."

Siku ya tatu bega likawa jepesi kama zamani. Adhabu ikabaki.

Wiki ya mashindano Mama Mathabiso alipika pombe ya kuwatia wenzake nguvu. Kopo likazunguka, na kikohozi kikazunguka nalo. Kufikia Jumamosi wachezaji watano walikuwa kitandani, watatu wa safu ya mbele. Lineko, iwe ni kinga au bahati, alikuwa mzima.

Mama Mathabiso alifika uwanjani amejifunika blanketi mpaka puani, sauti inakwaruza kama mlango wa bati.

"Mbele hakuna watu," alimwambia Lineko. "Haya, niombe radhi upite."

Wenzake wakainamisha macho. Mpiga ngoma akaanza. Lineko akampita kiongozi wake, akapiga magoti safu ya mbele, akalijaribu bega: likaruka.

"Lineko! Neno moja tu, mwanangu. Nisiaibike."

"Pole kwa mafua, Mama. Radhi siombi."