Mtoto Mtulivu Kuliko Wote Kindu

Enzi za ukoloni, siku ya mashindano ya watoto wenye afya, hospitali ya weusi ya Kindu ilifungwa. Mlinzi alimweleza Mwavita, bila haya, kwamba daktari, wauguzi na ufunguo wa kabati la penisilini wote wako uwanjani kutafuta afya. Wagonjwa warudi kesho.

Bulaimu, mwanawe mchanga, hakuwa na kesho ya kuchezea. Alihema mbiombio, na kila alipovuta pumzi ngozi ilizama chini ya mbavu. Mwavita aliona njia ya kumfikia daktari ni moja tu: kumwingiza mgonjwa mashindanoni. Alimpangusa uso, akaenda uwanjani, akasimama kwenye mstari nyuma ya Philomène, muuza mchele, ambaye mtoto wake mnene alikuwa akipiga mayowe kama anachinjwa.

"Mwenzangu, huyu wako alifundishwa na nani?" Philomène aliuliza. "Wangu anatukanisha ukoo muzima mbele ya wazungu."

Mkuu wa waamuzi alikuwa Madamu, mke wa ofisa mmoja, mwenye huruma nyingi na masikio yasiyovumilia kelele. Kwake yeye, kilio cha mtoto kilikuwa ushahidi wa malezi mabaya. Alipita akikagua kucha na shingo, uso ameukunja, mpaka akafika kwa Bulaimu. Hakulia. Hakugeuza hata jicho. Madamu alimgusa shavu, akamwambia mkalimani kwamba joto lile ni la damu njema. Mwavita alipofungua kinywa, mkalimani alimnyamazisha: shukrani hutolewa mwishoni.

Bulaimu akatangazwa mshindi, akafungwa utepe wa buluu. Mpiga picha akawataka wakae sawa, na daktari akaja kumpongeza mama. Mwavita aliushika ule mkono wa pongezi, akauvuta hadi kwenye mbavu za mwanawe.

"Munganga, sikia hapa. Hii haiko heshima. Mutoto hana pumuzi ya kulia."

Tabasamu lilimwisha daktari. Alipapasa mfuko kutafuta ufunguo, akashika njia ya hospitali kwa hatua ndefu, Mwavita nyuma yake.

Madamu aliwakimbilia, jasho likimtoka, mkalimani kando yake. Mwavita alidhani anakuja kumwombea mtoto heri. Lakini sheria ni sheria, mkalimani alieleza: mgonjwa hawezi kushinda.

Mwavita aliufungua utepe bila kusimama, akaudondosha katika kiganja cha Madamu, akaongeza mwendo.